Jamsil, Seoul: kiti cha kukaa ukitaka kuelewa hiti 2,504 za Park Yong-taik

Anayekwenda Seoul kwa mara ya kwanza kuangalia besiboli hupewa ushauri uleule na kila anayemuuliza: nunua kiti cha rangi ya chungwa pale Jamsil, uwanja wa LG Twins na Doosan Bears, uimbe na umati. Ushauri huo unamfaa anayefuata nyimbo. Anayetaka kuuona mchezo wenyewe, na kuelewa kwa nini mpigaji mkubwa kama Park Yong-taik wa LG alistaafu na hiti 2,504 lakini homurani 213 tu katika misimu 19, akae kwingine: ghorofa ya tatu, viti vya buluu nzito, upande wa besi ya tatu, karibu na nyuma ya mpigaji. Bei yake ni ya chini kuliko viti vingi vya jukwaani, na ukiwa pale uwanja wote unauona kama mkeka uliotandikwa.

Kwa ambao istilahi ni ngeni: besi ni vituo vinne vya kona ambavyo mchezaji huvizunguka kwa kukimbia, cha mwisho kikiwa nyumbani, pale anaposimama mpigaji, na kila anayekifikia huipa timu yake pointi. Hiti ni mpigo unaomfikisha mpigaji salama kwenye besi bila wapinzani kufanya kosa. Homurani ni mpira uliopigwa ukavuka uzio wa mwisho, mpigaji akazunguka besi zote bila mtu wa kumsumbua. Mrushaji yuko mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na kutoka besi moja hadi inayofuata ni mita 27.43. Vipimo hivyo havibadiliki uwanja hadi uwanja. Kinachobadilika ni umbali wa uzio, na hapo ndipo Jamsil inapojitenga na wenzake.

Uzio wa Jamsil uko mita 100 kwenye mistari ya pembeni, mita 125 katikati, na mita 120 kwenye mapengo mawili kati ya mlinzi wa kati na walinzi wa pembeni. Kimo chake ni mita 2.6. Wageni wengi huitazama ile 125 wakaishia hapo, lakini namba ya kushika ni 120. Uwanja wa Samsung kule Daegu, kwenye mapengo hayohayo, una mita 107. Mpira uliopigwa mita 113 kuelekea pengo la kulia ukiwa Daegu ni homurani, na mpigaji anazunguka taratibu huku akipungia mashabiki. Jamsil mpira huohuo unaishia kwenye glavu ya mlinzi aliyewahi mapema. Mlinzi akichelewa, unagonga nyasi na kuviringika hadi ukutani, na mpigaji mwenye miguu anafika besi ya pili au ya tatu. Ndiyo kusema uwanja huu unamlipa mwenye mbio na mwenye kugonga mpira wa chini wenye kasi. Mwenye mabavu peke yake unamnyima.

Tena timu mbili zinaishi hapa, LG Twins na Doosan Bears. Msimu una michezo 144, na kila timu inakutana na kila mpinzani mara 16. Mchezaji wa LG anacheza michezo 72 hivi kama mwenyeji, kisha anaongezewa 8 ambayo LG ni mgeni wa Doosan katika uwanja uleule. Jumla ni kama michezo 80, zaidi ya nusu ya msimu, mbele ya uzio mmoja. Ukiacha wa timu hizi mbili, hakuna wapigaji wa ligi ya Korea wanaobebeshwa mzigo huo kwa kiasi hicho, na takwimu zao zisomwe kwa kukumbuka hilo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Park Byung-ho. LG walimtoa kwa timu ya Nexen katika mabadilishano ya wachezaji mwezi Julai 2011 akiwa hajawahi kutulia. Kuanzia 2012 hadi 2015 aliongoza ligi kwa homurani miaka minne mfululizo: 31, 37, 52, kisha 53. Si uwanja peke yake uliomzuia alipokuwa LG, kwa kuwa alipohama alipewa pia nafasi ya kucheza kila siku bila kutolewa akikosea. Ila kuondoka mbele ya ule uzio kulikuwa sehemu ya dawa. Wapo waliouvuka wakiwa wenyeji: Tyrone Woods alifikisha homurani 42 mwaka 1998 akiwa na Bears, na Kim Jae-hwan 44 mwaka 2018. Hao ni wa kuhesabu kwa vidole, na ukikaa ghorofa ya tatu ukaona umbali wa ule ukuta utaelewa kwa nini.

Uwanja ulijengwa kwa ajili ya mashindano ya dunia ya besiboli ya ridhaa ya mwaka 1982, na Korea ilishinda mchezo wa mwisho dhidi ya Japani 5-2. Ndiyo siku Kim Jae-bak aliporuka kama chura ili auguse kwa gongo mpira uliorushwa mbali makusudi, na Han Dae-hwa akapiga homurani iliyogonga nguzo ya upande wa kushoto. Kim huyohuyo, miaka 27 baadaye, alikuwa kocha mkuu wa LG timu ilipojaribu kuupunguza uwanja. Mwaka 2009 waliweka uzio wa kuhamishika, wakausogeza ndani mita 4, hivyo katikati pakawa mita 121. Waliuita X-Zone. Siku ya LG kuwa wenyeji ulisimamishwa, siku ya Doosan uling'olewa. Baada ya misimu miwili ukaondolewa moja kwa moja, kwa sababu iliyo rahisi: uzio uliosogezwa unamsogelea kila mpigaji. Warushaji wa LG wakati ule hawakuwa imara, na wageni walifaidi kuliko wenyeji. Kosa hilo lingeweza kuonekana mapema na yeyote aliyeuliza swali moja tu: nani kati yetu na wao anaruhusu mipira mingi ya juu?

Sasa Park Yong-taik mwenyewe. Alizaliwa Seoul mwaka 1979, akasoma Chuo Kikuu cha Korea, akaingia LG mwaka 2002 na kubaki hapo hadi alipostaafu mwaka 2020. Anapiga kwa mkono wa kushoto na kurusha kwa wa kulia. Mwaka 2005 aliongoza ligi kwa kuiba besi, yaani kukimbilia besi inayofuata bila kungoja mpira upigwe, mara 43. Mwaka 2009 aliongoza kwa wastani wa upigaji (hiti kugawanya kwa mara alizopiga), .372. Kuanzia mwaka huo hadi 2018 hakuwahi kushuka chini ya .300, misimu 10 mfululizo. Glavu ya Dhahabu, tuzo ya mchezaji bora wa kila nafasi katika msimu, alipata nne: 2009, 2012, 2013 na 2017. Mwisho wa yote ana michezo 2,237, wastani wa .308, besi 313 za kuiba, na zile hiti zake, ambazo ni zaidi kidogo ya moja kwa kila mchezo kwa muda wa miaka 19.

Zisome namba hizo ukiwa umekaa Jamsil. Homurani 213 kwa misimu 19 ni kama 11 kwa mwaka, na kwa mlinzi wa nje hiyo ni kawaida tu. Lakini mtu aliyepiga homurani zaidi ya 200 na kuiba besi zaidi ya 300 amefanya kile ambacho uwanja huu unakidai: kugonga mpira uende penye nafasi, halafu kukimbia. Wanaomlinganisha na wapigaji wa viwanja vidogo kwa kuhesabu homurani peke yake wanampima kwa kibaba kisicho chake.

Mwenye haki aseme pia upande wa pili. Ule ubingwa wa .372 una doa. Karibu na mwisho wa msimu wa 2009, LG wakiwa Jamsil dhidi ya Lotte, Park alikalishwa benchi ili wastani wake usishuke, na warushaji wa LG wakampa Hong Sung-heun wa Lotte, aliyekuwa akiwania taji hilohilo, besi za bure mara nne mfululizo kwa kumrushia mipira ya nje asiyoweza kuipiga, ili asipate hiti. Hong alimaliza na .371. Miaka michache baadaye Park mwenyewe alikiri hadharani kwamba haikuwa haki, na alikiri siku aliyokuwa akipokea tuzo ya uchezaji wa haki. Pia bega lake la kurusha lilikuwa dhaifu baada ya kuumia, na makocha wa besi ya tatu wa timu pinzani walilijua hilo. Hiti fupi ikielekea kushoto, mkimbiaji aliyekuwa besi ya pili alipewa ishara aendelee hadi nyumbani bila kusita. Katika uwanja mpana, mlinzi wa kushoto mwenye bega dhaifu anagharimu pointi. Ndiyo maana miaka yake ya mwisho alikuwa mpigaji tu, asiyelinda.

Turudi kwenye kiti. Mpigaji wa kushoto husimama upande wa besi ya kwanza, kifua chake kikielekea besi ya tatu. Ukikaa upande wa besi ya kwanza, ambako wenyeji hukaa, unauona mgongo wake na jina lake, basi. Ukikaa upande wa besi ya tatu unaona mikono inaanzia wapi, mguu wa mbele unanyanyuka lini, na kama nyonga imefunguka mapema. Nyonga ikifunguka mapema mpira unakwenda nje ya mstari wa besi ya kwanza. Ikichelewa unapaa kuelekea kushoto. Kikosi cha LG mpaka leo kimejaa wapigaji wa kushoto wa aina hiyo: Hong Chang-ki, Shin Min-jae, Moon Sung-ju, Park Hae-min. Kwa hiyo somo hili halijapitwa na wakati.

Viti vya buluu nzito vimegawanywa kwa vitalu vyenye namba za 300. Vitalu namba 317 na 318 viko nyuma kabisa ya mpigaji, kisha namba zinapanda kuelekea besi ya tatu. Tafuta kati ya 319 na 324, safu za mbele. Ukivuka 328 unaelekea pembeni mno, na pengo la kushoto linaanza kukupotea. Ngazi za ghorofa hiyo ni kali, nafasi ya magoti ni ndogo, na safu ni ndefu, hivyo anayetoka katikati anawainua watu wengi. Mwenye goti bovu au mzee anayehitaji kwenda chooni mara kwa mara achukue kiti cha ukingoni, au ashuke kwenye viti vyekundu vya chini, alipe zaidi kidogo.

Kutoka pale juu, fanya zoezi hili angalau kwa awamu mbili (mchezo una awamu tisa, na katika kila moja kila timu hupiga mara moja): usiufuate mpira. Mrushaji anapojiandaa, tazama walinzi watatu wa nje wamesimama wapi. Kwa mpigaji dhaifu wanasogea mbele hatua tano sita, kwa mwenye nguvu wanarudi. Mpira ukipigwa, mtazame mlinzi wa kati wa LG, Park Hae-min, kabla hujautafuta mpira angani. Hatua yake ya kwanza ndiyo inayokwambia mpira unaangukia wapi, na ndiyo inayoyafunga yale mapengo ya mita 120. Kwenye runinga hatua hiyo huioni kamwe, kwa sababu kamera inakuwa bado iko kwa mpigaji.

Viti vingine kwa ufupi. Vya chungwa, namba 205 hadi 208 kwa wenyeji na 219 hadi 222 kwa wageni, ni vya waimbaji. Vipo mbele ya jukwaa la kiongozi wa ushangiliaji na spika zake, na timu yako inapopiga husimama muda wote. Mtoto mdogo usimpeleke hapo bila vizibo vya masikio. Vya samawati viko chini, karibu na besi. Ni vizuri kwa kusikia sauti ya gongo, lakini kutoka chini huwezi kupima mpira umekwenda mbali kiasi gani, kila mpira wa juu unakushtua. Vya kijani, namba za 400, viko nje nyuma ya uzio, ndivyo vya bei nafuu kuliko vyote. Havina kivuli, na mpigaji unamwona mdogo kama kidole. Wapo pia wanaopenda yale maeneo ya kando ya mstari, chini kabisa, ambako mpira wa pembeni unafika kwa kasi na kwa kimo cha uso. Hapo simu iwe mfukoni mpira unaporushwa. Popote ulipo, ukisikia filimbi za wahudumu jukwaani, nyanyua macho mara moja. Ni onyo kwamba mpira unashuka kwa watazamaji.

Tiketi ndiyo sehemu inayowaangusha wageni. Ligi ilipita watazamaji milioni 10 mwaka 2024 na milioni 12 mwaka 2025, na LG na Doosan ni kati ya timu zinazopendwa zaidi. Kosa la kwanza ni kusahau kwamba uwanja ni mmoja lakini wauzaji ni wawili. Mchezo ambao LG ni mwenyeji unauzwa Ticketlink. Ambao Doosan ni mwenyeji unauzwa NOL Ticket, iliyokuwa ikiitwa Interpark. LG wakiwa wageni wa Doosan, ukiwatafuta Ticketlink huwapati, na watu hudhani tiketi zimekwisha. Angalia ratiba kwanza, uone nani ameandikwa mwenyeji, ndipo uende kwa muuzaji.

Kosa la pili ni saa. Mauzo kwa kawaida hufunguliwa wiki moja kabla ya mchezo, saa 5 asubuhi ya Seoul. Korea iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 6, kwa hiyo aliye Dar es Salaam au Nairobi anapaswa kuwa macho saa 11 alfajiri. Wanachama wa timu hupewa nafasi ya kununua mapema, na mechi za wikiendi vile viti vizuri vinakuwa vimeondoka kabla mlango wa watu wote haujafunguliwa. Mgeni achague Jumanne hadi Alhamisi. Jumatatu hakuna mchezo. Tarehe 5 Mei, Siku ya Watoto, LG na Doosan hukutana hapa, na kupata tiketi ya siku hiyo bila kujuana na mtu wa huko ni bahati.

Kosa la tatu ni uthibitisho. Kurasa za Kikorea huomba namba ya simu ya Korea iliyosajiliwa kwa jina lako, na malipo mara nyingi hukubali kadi za humo nchini. Kadi ya nje inakataliwa hatua ya mwisho kabisa, kiti kikiwa tayari mkononi, na muda wa kukishikilia ukiisha kinarudi sokoni. Njia zilizopo ni tatu: ukurasa wa wageni wa muuzaji, ambao hauna michezo yote, rafiki aliyeko Korea anunue na kukutumia tiketi ya simu, au dirisha la uwanjani siku ya mchezo, ikiwa zimebaki. Siku ya Jumanne ya Aprili yenye baridi dirisha huwa na kitu. Jumamosi ya Juni usilitegemee. Wanaouza mitaani karibu na kituo cha treni waachwe.

Kufika ni rahisi kuliko viwanja vyote vya Korea. Treni ya chini ya ardhi, laini namba 2 au namba 9, kituo cha Sports Complex, milango ya 5 na 6. Ukipanda ngazi umeshafika. Laini ya 9 ina treni za haraka zinazotoka uwanja wa ndege wa Gimpo moja kwa moja, ila zile za jioni ya siku ya kazi hazina hata pa kuning'inia. Gari binafsi ni usumbufu mtupu, maegesho ni machache na eneo zima liko kwenye mipango ya ujenzi. Mchezo wa siku za kazi huanza saa 12:30 jioni. Jumamosi ni saa 11 na Jumapili saa 8 mchana, na miezi ya joto husogezwa mbele. Ufike saa moja kabla, maana mizigo inakaguliwa. Mfuko mmoja usiozidi sentimita 45 kwa 45 kwa 20, na mfuko mmoja wa karatasi. Chupa za kioo na makopo haviingii. Chupa ya plastiki ya hadi lita moja inaingia.

Chakula cha nje kinaruhusiwa, jambo ambalo viwanja vingi duniani havikubali. Watu hununua kimbapu (wali uliofungwa kwa mwani) na kuku wa kukaanga nje ya kituo na kuingia navyo. Ndani, chakula kilichojipatia jina ni tambi za baridi katika mchuzi wa kimchi (kabichi iliyochachushwa kwa pilipili), zinazokata mafuta ya kuku wa kukaanga. Muislamu au asiyekula nguruwe awe mwangalifu hapo: tambi hizo mara nyingi huuzwa pamoja na nyama ya tumbo la nguruwe iliyochomwa, kwenye sinia moja. Omba tambi peke yake, na ujue kwamba kuku naye kwa kawaida hana cheti cha halali. Salama kabisa ni kuingia na chakula chako. Tangu 2024 vibanda vingi hutoa chakula kwenye vyombo vya kurudishwa, na mapipa yake yako kwenye korido, kwa hiyo usikitupe chombo na taka. Foleni mbaya ni mwisho wa awamu ya tano, wahudumu wanaposawazisha udongo, kwani watu wote huinuka kwa pamoja na korido za Jamsil ni nyembamba. Vyoo ni vichache kwa umati wa watu 23,750. Nenda awamu ya nne ikiwa katikati, au vumilia hadi ya sita.

Ushangiliaji una utaratibu wake. Unaimbia timu yako inapopiga, na ikilinda unakaa, unakula, unaongea. Kila mpigaji ana wimbo wake, mfupi, wenye jina lake ndani, na baada ya michezo miwili hata asiyejua Kikorea anaushika. Kelele za kumzomea mwamuzi kwa mipira ya mrushaji zimepungua sana tangu 2024, ligi ilipoanza kutumia mitambo kuamua kama mpira umepita eneo halali. Mwamuzi husikia jibu kwenye kifaa cha sikioni, kisha hulitangaza.

Mvua iwekwe kwenye hesabu. Uwanja hauna paa, na kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Julai ni masika ya Korea. Mchezo ukiahirishwa kabla ya kuanza, fedha zinarudi. Ukikatizwa kabla awamu tano hazijakamilika, mchezo haukuhesabiwa na fedha zinarudi pia. Zikishakamilika, matokeo yanasimama na huna madai. Aliyepanga safari ya siku tatu Seoul mwezi Julai asiweke matumaini yote Jamsil. Anunue pia mchezo wa Gocheok, upande wa magharibi wa jiji, ambako Kiwoom wanacheza chini ya kuba. Machi na Aprili mvua si shida, shida ni baridi ya usiku. Ghorofa ya tatu ina upepo, koti zito si la kuacha hotelini.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, na Park alitunzwa hapa. Tarehe 23 Juni 2018, dhidi ya Lotte, alipata hiti ya 2,319 na kuivunja rekodi ya ligi ya hiti nyingi iliyokuwa ya Yang Joon-hyuk. Tarehe 6 Oktoba 2020, dhidi ya Samsung, aliingizwa katika awamu ya tisa kupiga badala ya mwenzake, akagonga mpira wa besi mbili: hiti ya 2,500, na hakuna Mkorea aliyewahi kufika hapo kabla yake katika ligi hiyo. Tarehe 3 Julai 2022 jezi yake namba 33 ilistaafishwa, asiivae mwingine tena, ya tatu katika historia ya LG baada ya 41 ya Kim Yong-soo na 9 ya Lee Byung-kyu, na siku hiyo wachezaji wa LG waliingia uwanjani wakiwa wameandika mgongoni majina ya utani ya Park badala ya majina yao. Rekodi yake nayo ilivunjiwa hapahapa: Son Ah-seop wa NC alipata hiti ya 2,505 tarehe 20 Juni 2024 dhidi ya Doosan, na Park alikuwepo kumpa maua.

Kitu kimoja hakukipata. Msimu wake wa kwanza, 2002, LG walifika fainali wakashindwa na Samsung, halafu wakakaa miaka 10, kuanzia 2003 hadi 2012, bila kuingia hatua ya mtoano. Ubingwa ulikuja tarehe 13 Novemba 2023, hapa Jamsil, dhidi ya KT, baada ya miaka 29. Yeye alikuwa ameshaondoka. Mchezo wake wa mwisho ulikuwa tarehe 5 Novemba 2020, mtoano dhidi ya Doosan, timu ya nyumba moja. LG walikuwa nyuma 8-0, wakarudi hadi 8-7, wakashindwa 9-7. Katika awamu ya nane Park aliingizwa kupiga, akaunyanyua mpira juu nje ya mstari wa besi ya tatu, ukadakwa. Kitalu cha 320 kinatazama chini moja kwa moja mahali hapo.

Kwa mpango uliotangazwa, msimu wa 2026 ndio wa mwisho kwa uwanja huu. Kuanzia 2027 LG na Doosan watahamia kwa muda katika Uwanja wa Olimpiki ulio jirani, hadi 2031, na uwanja mpya wenye kuba ufunguliwe 2032 mahali pa huu. Anayetaka kuziona mita 120 kwa macho yake achukue tiketi ya Jumanne, Mei au Septemba, aingie na chakula chake, na akae safu ya mbele ya 320 kabla ya saa 12 jioni, wapigaji wakiwa kwenye mazoezi. Ahesabu mipira inayofika miguuni pa uzio wa pengo la kulia bila kuuvuka.